Mikono Nayo Inafikiri

Kijijini kwetu ililetwa mashine ya kupukuchua mahindi. Ilikuja kwa gari na tuliipokea kwa ngoma na vigelegele. Ilifanya kazi msimu mmoja na nusu. Siku moja ilipiga kelele, ikasimama. Hakuna aliyeifungua. Kila mtu aliogopa kwamba akiigusa ataambiwa yeye ndiye aliyeiharibu. Tulimsubiri fundi tuliyeahidiwa. Fundi hakuja. Kuku wakaanza kutagia ndani yake.

Ilipita miaka minne. Ndipo kijana mmoja fundi baiskeli akaomba ruhusa, akaifungua. Alinionyesha kilichokatika. Ilikuwa pini ya chuma, nene kama kidole cha mtoto. Fundi yeyote angeweza kuichonga kwa tupa kwa muda wa mchana mmoja. Lakini kwa miaka hiyo minne mvua ilikuwa imeingia, na vyuma vingine vilikuwa vimeliwa na kutu. Mashine haikufaa tena.

Ndugu msomaji, chuma cha kuchonga pini tulikuwa nacho. Tupa tulikuwa nayo. Mtu wa kuthubutu kufungua na kutazama ndiye hakuwapo. Kwa miaka minne akina mama waliendelea kupukuchua kwa vidole mpaka vidole vikatoka malengelenge.

Makala haya yanazungumza juu ya uthubutu huo. Watu wengi hudhani kwamba kubuni kitu ni kipaji cha kuzaliwa, au ni kazi ya wasomi wa mjini. Sivyo. Ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa mazoezi. Mtu hujifunza kuendesha baiskeli kwa kuipanda na kuanguka. Kubuni nako hujifunzwa kwa kushika kisu, vijiti na kamba, na kukosea.

WAZEE WALIJARIBU NA KUJARIBU TENA

Kabla ya kwenda mbali tuanze hapa hapa Kagera.

Mwaka 1976, karibu na Ziwa Viktoria, wazee wa Kihaya walikusanyika kufanya kazi ambayo haikuwa imefanywa kwa zaidi ya miaka 50. Walitaka kuyeyusha mawe ya chuma kama babu zao. Mtafiti mmoja kutoka Marekani, Peter Schmidt, ndiye aliyewaomba wamwonyeshe. Wazee hao walikuwa wameiona kazi hiyo, au kuifanya, wakati wa ujana wao. Tangu majembe ya dukani yalipoenea, matanuri yalikuwa yamezimwa.

Haikuwa rahisi. Mambo mengine walikuwa wameyasahau. Ilibidi wajaribu, watazame, wabishane, kisha wajaribu tena. Walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa udongo huo huvumilia moto. Chini ya tanuri walichimba shimo na kulijaza majani ya bondeni yaliyounguzwa. Mabomba ya udongo ya kupitishia hewa ya mivukuto waliyaingiza mpaka ndani ya tanuri. Hapo ndipo penye akili nyingi. Hewa iliyopita katika mabomba hayo ilipata joto kwanza, kabla ya kufika kwenye makaa. Hewa ya moto hukoleza moto zaidi kuliko hewa baridi. Wataalamu walipima, wakaona kwamba joto la mahali pale hewa ilipotokea lilizidi nyuzi 1,800 za Selsiasi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1978 na kuwashangaza wataalamu wengi duniani. Mabaki ya matanuri ya kale ya sehemu hizo yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000.

Karagwe nayo ina sifa yake. Mwaka 1861 mgeni Mwingereza, John Speke, alifika kwa Mfalme Rumanyika. Ikulu ya wafalme wa Karagwe, Bweranyange, ilijulikana kwa hazina yake ya vitu vya chuma. Miongoni mwake zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa na wahunzi.

Hakuna mtu aliyewapa wazee wale kitabu cha kuwaelekeza. Nani alikuwa wa kwanza kulisogeza bomba la udongo ndani ya tanuri? Hatujui jina lake. Tunajua tu kwamba siku moja mtu alijaribu namna nyingine, akauona moto ukibadilika rangi.

ZOEZI LA VIJITI

Sasa tuje Songambele. Kata hii iko katika wilaya ya Kyerwa, ambayo ilitengwa na wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Watu wa huku wanalima migomba, kahawa, maharage na mahindi. Vifaa vya zoezi letu la kwanza vimejaa shambani. Hutanunua kitu.

Mkutane watu kumi na wawili au zaidi. Inafaa wawepo wazee na vijana, wanawake na wanaume. Mjigawe watu wanne wanne. Kila kikundi kipewe vijiti ishirini vyenye urefu wa mkono, na kamba za mgomba mkavu. Wekeni matofali mawili chini, yaachane kwa hatua moja kubwa. Kila kikundi kijenge daraja la kuvuka kutoka tofali moja hadi jingine. Muda ni nusu saa. Muda ukiisha, wekeni kilo moja ya maharage juu ya daraja. Likisimama, ongezeni kilo nyingine. Endeleeni mpaka lianguke.

Nawaahidi kwamba mtacheka sana. Pia mtaona jambo. Katika kila kundi yupo mtu anayetaka kuamuru wenzake, na yupo mtu aliyenyamaza. Mara nyingi aliyenyamaza ndiye amekwisha kuona kasoro. Labda ni mama ambaye hajazoea kusema mbele ya wanaume. Mwongoza zoezi amwulize.

Madaraja yakianguka msiondoke. Hapo ndipo somo linapoanza. Tazameni yalipovunjikia. Je, ni kijiti kilichokatika, au ni kamba iliyolegea? Mara nyingi kijiti ni kizima. Kilichoshindwa ni kifundo, au umbo la daraja lenyewe.

Fanyeni jaribio hili dogo. Chukueni vijiti vinne, mvifunge ncha kwa ncha vifanye mraba. Sukumeni pembe moja. Mraba utalala kama boksi la karatasi lililokanyagwa. Sasa chukueni vijiti vitatu tu, mfunge umbo la pembe tatu. Sukumeni. Haliendi popote. Ongezeni kijiti kimoja katika ule mraba, kutoka pembe moja hadi pembe ya pili iliyo mkabala. Nao utakaza. Kwa sababu hiyo fundi seremala huweka mbao za mshazari katika kenchi ya paa. Kwa sababu hiyo pia fremu ya baiskeli ina pembe tatu. Mtu aliyeona mraba ukilala kwa mkono wake mwenyewe hasahau. Akienda nyumbani atakitazama kitanda chake kinachoyumba, atajua pa kupigilia ubao.

Jengeni daraja mara ya pili. Vijiti ni vile vile ishirini. Mtaona maharage yanavyoongezeka.

ULIZA KWA NINI, KISHA ULIZA TENA

Mazoezi ya mikono peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kutengeneza kitu kizuri sana kisichohitajiwa na mtu. Kwanza lazima ujue tatizo lenyewe ni lipi.

Tuseme mtoto anachelewa shuleni kila siku. Mzazi anasema mtoto ni mvivu. Kikundi kiulize: kwa nini anachelewa? Kwa sababu anachota maji asubuhi. Kwa nini kuchota maji kunachukua muda mrefu? Kwa sababu pana foleni kisimani. Kwa nini pana foleni? Kwa sababu pampu inatoa maji kidogo kidogo. Kwa nini inatoa kidogo? Kwa sababu washa yake imekwisha. Basi, tulianza na mtoto mvivu, tumefika kwenye kipande kidogo kisichojaa kiganja. Zamani washa za pampu zilikatwa kwa ngozi, na mshona viatu anajua kukata ngozi. Mwenye pampu ya aina nyingine atahitaji washa ya mpira. Hata hivyo sasa kikundi kinajua cha kutafuta.

Si lazima kila mara mfikie washa. Mara nyingine mtafikia jambo la pesa, au la ugomvi kati ya vitongoji viwili. Hayo nayo yanataka kufikiriwa, ingawa hayatengenezwi kwa nyundo.

BIBI NA KOPO LA BATI

Nitaeleza kosa langu mwenyewe. Baada ya ile mashine yetu kufa, nilijifunza kutengeneza kipukuchulio kidogo cha bati. Ni rahisi. Unakata kipande cha bati nene kwa mkasi wa bati. Unakunja mikunjo mitatu au minne inayojitokeza upande wa ndani, kama matuta. Kisha unakiviringisha kiwe kama bomba fupi. Mdomo mmoja uwe mpana na mwingine mwembamba kidogo. Unashika bomba kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine unaingiza hindi kavu, unalizungusha. Matuta yanang'oa punje na gunzi linabaki mkononi.

Nilifanya kimoja. Nilikipiga tupa mpaka kikang'aa. Nikampelekea bibi yangu kwa majivuno.

"Shikamoo bibi. Nimekuletea zawadi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kitu gani hiki, kopo lililokatwa?"

Nilimwonyesha. Alipukuchua mahindi mawili, akaweka kopo chini.

"Kinanikata," alisema.

"Bibi, hukishiki vizuri."

"Mimi nimepukuchua mahindi tangu kabla baba yako hajazaliwa. Kama sikishiki vizuri, basi umekitengeneza vibaya."

Nilikasirika kidogo. Nilirudi nyumbani nikanyamaza siku mbili. Siku ya tatu nilirudi kwake, nikakaa chini, nikamtazama akifanya kazi bila kusema neno. Niliona mambo matatu ambayo sikuyajua. Kwanza, bibi hutumia mkono wa kushoto. Pili, yeye hukaa chini na kuweka ungo mapajani, kwa hiyo mikono yake iko chini kuliko yangu ninayesimama. Tatu, vidole vyake vimepinda kwa uzee, haviwezi kubana kitu chembamba. Mimi nilikuwa nimetengeneza kitu cha mkono wangu, nikampa yeye.

Nilikata kingine kipana zaidi. Kingo zote nilizikunja kwa nje zisikate. Kwa nje nilizungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili kisiteleze. Alikitumia, akanyamaza. Kwa bibi yangu, kunyamaza ni sifa kubwa.

Ndugu msomaji, usiombe sifa kwa mtu unayemtengenezea kitu. Mpe kitu akitumie, kisha mtazame mikono yake. Mdomo wake unaweza kukusifu kwa adabu, lakini mikono haina adabu hiyo.

WENGINE WALIOFANYA

Mazoezi ya namna hii yamefanyika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Yupo mwalimu mmoja wa Marekani, Amy Smith, ambaye katika miaka ya 1980 aliishi Botswana akijitolea. Katika vijiji vingi mashine za kusaga husimama kwa sababu ya chekeche, yaani lile bati lenye matundu ndani ya mashine. Likitoboka unga unatoka mbovu, na jipya halipatikani kijijini. Alibuni mashine isiyo na chekeche kabisa. Hewa ya mashine yenyewe ndiyo inayotenga unga laini na chenga. Mwaka 2002 alianzisha darasa katika chuo cha MIT, linaloitwa D-Lab, ili wanafunzi wabuni vifaa pamoja na wanavijiji.

Baadaye yeye na wenzake waliona kasoro katika njia hiyo. Wageni wakibuni, ujuzi unarudi na wageni. Basi kuanzia mwaka 2009, kaskazini mwa Uganda, yalianza mafunzo ambayo wanavijiji wenyewe ndio wabunifu. Watu wa huko walikuwa wanarudi makwao baada ya vita vya miaka mingi. Hawakuulizwa wanataka wapewe nini. Walifundishwa kushika vyombo, kutengeneza kitu kimoja au viwili vya kuanzia, kisha kuchagua tatizo lao na kulitafutia kifaa.

Kitu kimoja cha kuanzia kilikuwa mkaa wa magunzi. Unaweza kuujaribu Songambele. Tafuta pipa la lita 200. Toboa matundu chini, na fungua mdomo juu. Liweke juu ya mawe matatu, lijaze magunzi makavu, uwashe. Utatoka moshi mwingi. Moshi ukipungua, shusha pipa chini, funika juu, na ziba kila mwanya kwa udongo ili hewa isiingie. Acha saa mbili au zaidi, lipoe kabisa. Hewa ikiingia mapema utakuta majivu. Magunzi yaliyoungua yaponde, changanya na uji wa unga wa muhogo, finyanga, anika juani. Fanyeni kazi hiyo nje, mbali na nyumba na watoto. Mkaa huu, kama mkaa mwingine wowote, usiuwashe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua.

Hapa Tanzania yupo Bernard Kiwia wa Arusha. Alikuwa fundi baiskeli na mwalimu wa ufundi. Mwaka 2008 alialikwa Marekani katika mkutano wa wabunifu wa nchi mbalimbali, ambao ulianza mwaka 2007 katika chuo hicho cha MIT. Alirudi akatengeneza kifaa cha kuchaji simu kwa gurudumu la baiskeli. Wakati huo vijiji vingi vilikuwa na simu lakini havikuwa na umeme. Alitengeneza vingine pia, na akawa mmoja wa waanzilishi wa karakana ya Twende mjini Arusha, ambako watu wa kawaida walifundishwa kubuni. Mwaka 2014 mkutano ule ule wa wabunifu ulifanyika mkoani Arusha.

Na kwa wewe uliyejua kusoma juzi, ipo habari ya Malawi. Mwaka 2002, baada ya njaa kubwa, kijana William Kamkwamba wa wilaya ya Kasungu alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada. Alikwenda katika maktaba ndogo ya karibu. Aliona kitabu chenye picha ya kinu cha upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, hivyo alizifuata picha, na maneno aliyafuata taratibu. Kwa feni ya trekta bovu, vipande vya baiskeli, dainamo na mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto na kuyalaza, alitengeneza kinu juu ya mnara wa miti. Majirani walisema amerukwa na akili. Taa ilipowaka walinyamaza.

NAMNA YA KUANZA

Kikundi chenu kinaweza kuanza wiki hii. Vikundi vya kisomo vinafaa sana, kwa kuwa watu wake wamezoea kukaa pamoja na kukosea mbele ya wenzao bila aibu. Wale wenye umri watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hapa hatuna haja ya redio. Tuna haja ya kisu, nyundo, tupa, koleo na mkasi wa bati. Vyombo hivyo vinaweza kununuliwa kwa mchango na kutunzwa na mtu mmoja mwaminifu. Pawe na daftari. Kila chombo kikitoka kiandikwe, kikirudi kiandikwe. Nimeona vikundi viwili vikivunjika kwa ajili ya tupa iliyopotea.

Daftari hilo liandike pia yale yaliyoshindikana. "Tarehe fulani tulitumia kamba ya mgomba mbichi. Ilipokauka ililegea." Sentensi mbili kama hizo zitamwokoa mwenzako asirudie kosa. Chora na picha, hata kama hujui kuchora.

Anzeni na kitu kidogo kinachomalizika kwa siku moja. Wengi hutaka kuanza na mashine ya kuzalisha umeme. Hukusanya vyuma, hutumia fedha, na baada ya miezi miwili wamekata tamaa. Jaribuni kwanza kifaa cha kuangulia kahawa ya juu ya mti, au kichanja cha kuanikia maharage kinachofunikwa upesi mvua ikija. Kitengenezeni mara ya kwanza kwa vijiti na kamba, bila gharama, mwone kama wazo linafaa. Mkiridhika ndipo mnunue mbao na misumari.

Kitu kikikubalika na watu wengi wakakitaka, nendeni SIDO. Shirika hilo la viwanda vidogo liliundwa mwaka 1973, na lina ofisi katika kila mkoa. Mwaka 2019 yalianza pia mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU. Nao wabunifu wasiopitia vyuo waliwekewa nafasi yao. Ulizeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Bibi yangu bado ana kile kipukuchulio. Amekitundika kwenye msumari karibu na mlango, na ule mpira wa baiskeli umebadilishwa mara mbili. Mara ya pili alibadilisha mwenyewe. Nilipomtembelea mara ya mwisho hakunipa hata nafasi ya kukaa. Alinitolea kikapu cha karanga, akakiweka miguuni pangu.

"Haya, fundi," alisema. "Na hizi?"